Barafu za Chumbageni

Mama anagandisha barafu za ubuyu
kwenye friza lenye kutu ukumbini,
Chumbageni, mia mbili moja.
Mimi, kwenye meza ileile tunayolia,
nachora ardhi iliyoganda miaka elfu kumi,
nchi nisiyowahi kuikanyaga.

Setilaiti hainipi udongo.
Hunipa joto la ngozi yake tu,
kilomita kwa kilomita,
na wingu likipita huniachia tundu.
Matundu nayaziba kwa hesabu:
kina cha theluji, kivuli cha misitu, baridi ya mwaka juzi.
Ramani hutoka ya buluu,
ukingoni zambarau, pale inapoanza kuyeyuka.
"Una hakika?" Mama huuliza.
Nyuzi mbili juu, nyuzi mbili chini, namjibu.
"Basi huna."

Juzi umeme ulikatika saa tano asubuhi
hadi magharibi.
Mama alikataza friza lisifunguliwe,
hata mjukuu wake Mwanaidi alipolia.
Aliweka kiganja juu ya mfuniko,
kisha ubavuni,
kisha akachuchumaa, chini kabisa karibu na sakafu,
kimya, kama mkunga.
"Za juu zimelainika. Za katikati bado.
Za pembeni hesabu hasara: kumi na nne."

Umeme uliporudi tukafungua, tukahesabu.
Kumi na tano.

Usiku nikairudia ramani yangu,
ule ukingo wa zambarau ambao kila mwaka unasogea,
nikaweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta
nisikie ya chini.

Kilikuwa cha moto.