Futa Kila Kitu

Kibanda changu kipo Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga.
Vumbi la unga na vumbi la Dodoma
hugombania feni za kompyuta za watu;
kwa brashi ya rangi na pumzi yangu naamua ugomvi.
Huo ndio utabibu. Yaliyobaki ni maoni,
na maoni ninayo, hata asiyeuliza namgawia.

La kwanza: nywila si jina la mwanao.
Mama yangu, kule Mvumi, humtajia wakala namba ya siri kwa sauti,
foleni inasikia, kuku wanasikia.
"Mwanangu," ananiambia, "mimi nina nini cha kuibiwa?"
Mama, mwizi wa siku hizi hataki ulicho nacho,
anakutaka wewe: jina, kidole, sura,
akakope kwa jina lako deni usilolila.
Anacheka. Anakoroga mlenda.

La pili wateja hulikimbia:
programu usiyoruhusiwa kuichungulia
ni chungu kilichofunikwa na mpishi aliyehama.
Tembe ya babu ilijengwa na kijiji kizima
kwa vibuyu vya pombe ya uwele.
Kila mtu alijua boriti ipi imeliwa na mchwa,
kwa hiyo kabla ya masika hakukosekana mtu juu ya paa,
udongo mkononi, akitukana mafundi wenzake.
Msimbo naupenda hivyo, aibu zake zote hadharani.
Kule Mtumba majengo yanang'aa kwa vioo,
ila ufunguo wa mashine zao anao mtu wasiyemjua,
katika nchi ambayo sasa hivi ni usiku.
Siku akifunga, tutabisha hodi kwa lugha gani?

La tatu ni siasa. Hapa nashusha sauti,
maana katibu wa tawi huchaji simu kwangu.
Siri ni ya mnyonge, hesabu ni ya mkubwa.
Sisi tumepindua: mnyonge tumemwanika kama mtama,
vidole vyake, picha yake, nyumba anayolala;
mkubwa tumemtundikia pazia,
na juu ya pazia, muhuri.

Hayo nayasema vizuri. Nimeyasema miaka.

Jumanne akaja mzee Chilewa, aliyekuwa afisa wa viwanja,
kompyuta ameifunga kwenye kanga ya mkewe.
"Futa kila kitu. Namwachia mjukuu."

Sifungui faili la mteja. Hiyo ndiyo sheria ya kibanda.
Nilimfukuza Mnyamagola kwa kutazama picha za harusi tu.

Nikafungua.

ORODHA.
ORODHA MPYA.
ORODHA MPYA YA KWELI.
Katika ya kwanza, kiwanja cha Ilazo ni cha Mbeleje Mwaluko, mjane.
Katika ya tatu, pale alipokuwa yeye
pana herufi mbili za mtu
na namba ya simu inayoishia sifuri tatu.

Mbeleje ni shangazi yangu.
Alikufa akiamini alichelewa kulipia.

Watu hawajui: ukifuta, kompyuta haifuti.
Inang'oa kibao cha njia tu.
Nyumba inabaki palepale, gizani, na vyombo vyake,
mpaka siku ajengewe mwingine juu yake.

Niliijengea juu. Mara tatu, kama kanuni inavyotaka.
Mashine ikanguruma mpaka adhuhuri.

Saa kumi mzee akarudi, zabibu kwenye mfuko wa karatasi.
"Imefutika?"
Mikono yake ilikuwa inatetemeka; ya uzee, nadhani.
"Imefutika, mzee."
Akahesabu elfu kumi na tano, akazinyoosha noti moja moja,
akaniachia na zabibu.
Tamu. Nilizila zote, sikumgawia mtu.

Kwenye droo, chini ya bisibisi,
kuna kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba.
Nimekifunga kwa nywila ya maneno saba.
Jina la shangazi halimo.