Laki Mbili za Juu

Niliomba laki mbili, nitengenezee cherehani.
Simu ikalia. Ikalia tena.
Laki nne.

Usiku kucha zile za juu zilinikaa kooni
kama mwiba wa changu.
Mwanahawa akasema, "Kula, dada.
Wao wanakula watu."

Asubuhi nikazitoa kwa wakala,
nikashuka Barabara ya Nane hadi kwa Semkiwa.
Karani akapekua:
daftari la wanaochelewa lipo,
la waliotoroka lipo,
la anayerudisha
hakuna.
"Subiri bosi. Yuko Pongwe."

Mwaka jana nilichelewa siku moja,
wakanifuata hadi msibani.
Leo tangu saa mbili nipo kwenye benchi lao,
nimepakata noti ishirini zisizo zangu,
nabembeleza.