Shukrani ya Punda

Baba hakuwa mtu wa punda.
Kule Chovai alifundisha watoto kusoma,
viganja laini, wino umejificha
chini ya ukucha wa kidole cha shahada.
Vita vilipotutoa, alitoka na vidole vyake tu.

Tulishuka Amu watu saba na sufuria moja.
Lugha yao yetu, dua zao zetu,
hata matusi yao tuliyaelewa bila kufasiriwa,
ila bwana wa ofisini alitaka cheti
na cheti hatukuwa nacho,
akatuandika *wageni* kwa Kiswahili kilekile
alichotutukania mlinzi wake.

Mwezi wa tano Bi Thureya wa Langoni
alifika kwetu Wiyoni, kamba mkononi.
Mwisho wa kamba, punda.
"Wa marehemu mume wangu. Eda imekwisha.
Huyu anakula bure, nami mgongo hauniwezi.
Jina lake Karani. Shogi lake hili."
Hakungoja asante. Aliondoka mbio
kama aliyeacha chungu motoni.

Jirani akachungulia, akacheka:
"Shukrani ya punda, mateke."
Hatukujua anamsema punda
au anatusema sisi.

Asubuhi Baba alilifunga shogi juu chini.
Watoto wa mtaa wakacheka. Mimi pia nilicheka,
na kicheko kile mpaka leo nakitubia.

Alitaka kwenda gatini kutafuta mzigo.
Karani akakata kushoto.
Baba akavuta kamba; Karani akavuta mji mzima.
Vichochoro vya kupita mtu na kivuli chake,
kona, ngazi, kona,
mpaka mlango mmoja wa mbao, akasimama tuli.

Mlango ukafunguka.
"Karani!" Mwanamke akamtazama punda,
kisha Baba, kisha shogi.
"Miezi minne nabeba maji mwenyewe.
Ndoo nne, kila siku. Na hilo shogi ligeuze."

Mlango wa pili, vivyo hivyo.
Wa tatu, fundi mwashi juu ya ukuta:
"Mchanga, safari kumi, kabla ya adhuhuri!"
kana kwamba Baba alizaliwa hapo.
Hakuna aliyeuliza cheti.
Punda alikuwa ameshatusainia.

Jioni Baba aliomba kalamu.
Majina ya watu hakuyajua, akaandika milango:
*mlango wa paka chongo, ndoo nne.*
*Mlango wa msumari uliong'oka, kuni.*
*Mlango wa anayekohoa, maji, usigonge kwa nguvu.*
Milango kumi na mmoja.
Nilimwona akipuliza wino ukauke,
polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

Ulikuwepo wa kumi na mbili. Hakuuandika.
Kila siku, shogi tupu, kazi imekwisha,
Karani alikwenda Langoni
akasimama chini ya dirisha la Bi Thureya.
Mzigo hakuna. Wito hakuna.
Baba mwanzo alimvuta, alimsihi, alimtukana kidogo.
Baadaye alijifunza kungoja naye,
mgongo ukutani, mpaka punda mwenyewe atosheke.

Dirisha halikufunguka wiki nyingi.
Kisha siku moja kikapu kikateremka kwa kamba:
maganda ya tikiti,
yamekatwa vipande vidogo vidogo
kwa meno ya punda mzee.

Mateke? Alitupa moja,
Ramadhani ya kwanza, pajani mwa Baba.
Alichechemea mpaka Idi
na kila aliyemuuliza alimjibu,
"Nimeshukuriwa."

Sufuria sasa ni tatu. Dada yangu anasoma.
Viganja vya Baba vina sugu
na wino bado umo chini ya ukucha.

Watu huniuliza tulimlipa nini Bi Thureya.
Sijui kama tulimlipa.
Kila jioni, saa ileile ya zamani,
tulimpelekea kwato nne chini ya dirisha,
akazisikia.