Wapangaji Wawili wa Mtaa wa Njegere

Nyumba yangu ni ya mbao; kuta zake hazijui kutunza siri.
Kulia analala Leelo, anayesomea udaktari,
kushoto Ott, anayesomea sheria,
katikati mimi, mjane, na birika.

Januari hapa Tartu giza huingia saa kumi,
ndipo nao huanza kukariri:
huyu mifupa ya kiganja, yule masharti ya mkataba,
kwa sauti ileile ya mtoto aliyetumwa dukani
akiogopa kusahau chumvi.

Nawafulia wote. Koti jeupe la huyu,
suti nyeusi ya yule, ya kesi za kuigiza.
Ndani ya beseni, jasho ni moja.

Mwaka wa kwanza walilia.
Leelo alimlilia maiti wa mezani,
mzee aliyekuwa na kucha zilizokatwa vizuri.
Ott alimlilia mama aliyenyang'anywa mtoto
katika ukurasa wa arobaini.
Sasa ni mwaka wa tatu: Leelo husema "kitanda cha tisa,"
Ott husema "mdai,"
nami humenya viazi nikijiuliza
majina yamehamia wapi.

Jumanne niliteleza mbele ya lango la jirani.
Mkono ukalia ko! kama ukuni mkavu.
Wakatoka mbio wote wawili, na soksi tu miguuni.

"Umeanguka saa ngapi? Hapa hasa? Kwa upande gani?"
Huyo Leelo.
"Saa ngapi? Hapa hasa? Nani ameona?
Kuna aliyemwaga mchanga?"
Huyo Ott.
Mmoja akitafuta kilichovunjika, mwenzake akitafuta mvunjaji,
na theluji ikiniingia shingoni.

Nikauliza: nitapona?
Nikauliza: jirani atalipa?
Wakatazamana, wakajibu kwa pamoja
kama waliofinyangwa na mwalimu mmoja:
"Inategemea."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikiwa chali.
Nikacheka mpaka Leelo akasahau mifupa,
akaniita Helve, kwa mara ya kwanza,
na Ott akavua sweta lake
akalikunja chini ya kichwa changu.

Usiku huu kuta zimenyamaza.
Wako jikoni, wanabishana juu ya viazi,
nami nimekaa, mkono ndani ya plasta, nawasahihisha:
ganda liwe jembamba, Leelo.
Kisu kielekee nje, Ott.
Hapana. Anza tena.