Tofali Ndani ya Ndoo

Mama aliposikia nyumba yake itakuwa ya udongo
aliweka chini ungo wa maharage
akaniuliza kama kazi ya mjini imeniishia.
"Udongo nilishauhama. Sirudi.
Mchwa walikula mlango, mvua ikala ukuta,
tukabaki na paa la kujifunika kama blanketi."

Ana haki. Hapa Tukuyu mvua hainyeshi, inahamia:
inafika Novemba na mizigo yake,
na Mei bado imekaa sebuleni.

Nami ni mtoto wa tanuri.
Baba, Ambilikile, alichoma matofali miaka ishirini na miwili
kando ya kijito kisicho na jina kwenye ramani;
sisi tulikiita Cha Nyuma.
Usiku tulisikia moto ukitafuna magogo
kama ng'ombe anayecheua.
Baba hakuhesabu miti. Alihesabu matofali.
Ikaenda milingoti, ikaenda misindano,
kisha ile mikubwa ya juu kwenye chemchemi
ambayo bibi alikataza hata kuinyooshea kidole.

Siwezi kuyatukana matofali yale.
Ada yangu ya kidato cha nne ilinuka moshi
na mhasibu wa shule aliipokea bila kupiga chafya.
Ila Cha Nyuma sasa ni njia ya mbuzi.
Unavuka bila kuvua viatu.

Nikapiga hesabu kwenye daftari la mistari.
Saruji tupu? Haitoki mbali, inachomwa hapo Songwe,
lakini nayo ni mtoto wa tanuri,
ila tanuri lake limevaa suti.

Fundi Asajile akaja na mashine ya kufyatulia, ya mkono,
mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Akachukua udongo wa shimo la choo,
akaufinya, akauachia kutoka kifuani.
Ukipasuka vipande vinne, vitano, unafaa.
Ukisambaa kama unga, tafuta kwingine.
Ulipasuka vitano.
Tukachekecha, tukachanganya na yale mawe mepesi ya volkano
ambayo watoto huyaelesha ndooni,
na saruji, ndoo moja kwa kumi na mbili.
Hakuna kuni. Hakuna moshi.
Tofali linafunikwa majani ya migomba
na kunyweshwa asubuhi na jioni, kama mgonjwa.

Wiki ya nne mama alipita, hakusalimia,
akachukua moja akaenda nalo jikoni.
Akalitia kwenye ndoo nyekundu, akajaza maji,
akafunika, akaweka jiwe juu ya mfuniko
kana kwamba lingetoroka.
Usiku nilisikia mfuniko ukifunuliwa. Mara tatu.

Asubuhi maji yalikuwa na unjano kidogo chini.
Akalikwaruza kwa kucha, kwa kisu,
akaligonga kwa mchi.
Kona ikameguka.
Akakiokota kile kipande, akakinusa muda mrefu.

"Msingi uwe wa mawe, unifike magotini," akasema.
"Paa litokeze hatua nzima, ukuta usionje mvua.
Na mianzi ikatwe kwa Tusajigwe, mwezi ukiwa unakufa,
iloweke, la sivyo dumuzi watakucheka."
Asajile akatafuta kalamu.
Mimi sikujua kama mama anajua haya.
Alikuwa ameyafungia mahali, na funguo ameikalia.

Sidanganyi: bati limetoka mbali,
misumari pia, vioo pia.
Nyumba haijawa takatifu.

Siku ya kupandisha kuta alikuja na tofali la baba,
jekundu, lenye alama ya kidole gumba,
akataka liwekwe juu ya mlango.
Asajile akapima mara mbili: halilingani na mengine.
"Liweke hivyo hivyo," akasema mama.

Limetokeza kidogo.
Mvua ikija ya upande,
ndilo pekee litakalolowa.