Nukta Arobaini

Mara ya tatu nilipata sabini na nne nukta sitini.
Kiwango ni sabini na tano.
Nukta arobaini:
kitu kidogo kama chawa, na kama chawa
kikaninyima usingizi.

Nang Consorcia, mwenye nyumba, alinichoka.
"Hata maiti huombewa siku arobaini,
watu wakala, wakaenda zao.
Matanga yako wewe yana mwaka wa pili."

Msidhani nilikuwa sifundishi.
Chekechea ya parokia, nyuma ya ghala la mpunga,
watoto thelathini na mmoja, kamasi na kalamu za nta.
Saa moja asubuhi waliniita Mwalimu.
Daftari la mishahara liliniita Msaidizi,
na kila tarehe kumi na tano nikatia sahihi ubavuni mwa neno hilo
kwa kalamu ya kuazima.
Yangu niliionea haya.

Usiku nilisoma dukani kwa Nang Consorcia
kwa mwanga wa friji la soda
(umeme wa chumbani kwangu ulikuwa na bei yake).
Nadharia za ukuaji. Miaka ya sheria. Aina saba za tathmini.
Hapakuwa na swali hata moja lililouliza
ufanye nini Jomari akijikojolea siku ya mvua
na kaptula ya akiba imeshavaliwa na mwenzake.

Mara ya nne nilipeleka penseli zangu Jaro, kanisani.
Padri alirusha maji kama anayefukuza kuku;
nililowa mimi, penseli zikabaki kavu.
Nikazipaka kwa mkono wangu. Nani angejua?

Iloilo, Jumapili, bahasha ya kahawia,
mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu
ili msimamizi aone umebeba nini:
biskuti, kifutio, rozari ya mama.
Nilijaza viduara mpaka kidole kikafanya bonde.
Mwishoni wenzangu wote walivunja penseli, ta! ta! ta!
Ndiyo desturi, ili usirudi tena chumba kile.
Mimi yangu nilishindwa.
Nilimkumbuka Jomari na kile kipande chake cha ukubwa wa jino.
Nikaitia mfukoni, nikajilaani njia nzima.

Orodha ilitoka usiku wa Ijumaa.
Nilikwenda moja kwa moja kwenye D.
Dumalag. Dumaran. Dumayas.
Dumalaog, ndilo jina la baba yangu, halikuwepo.
Nikafunga simu. Nikaosha sufuria iliyokwisha oshwa.

"Na ile karatasi ya ndoa," akauliza Nang Consorcia
bila kuinua macho kwenye hesabu za madeni,
"inasema unaitwa nani?"

Magbanua, Ermelinda D.
Lilikuwa pale, katikati ya Magbanua wengine kumi na wanne,
jina la Rudelio, aliyeondoka na pikipiki
ninayoilipia mpaka leo.
Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikapiga yowe
mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.
Alifeli kila kitu alichogusa, yule mwanamume,
jina lake likaja kufaulu kwa mkono wangu.
Kulibadilisha, wanasema, ni mahakama na mishahara minane.
Basi likae. Lifanye kazi.

Nimeapa ukumbini, mkono juu, kwapa limelowa.
Leseni ni kadi ndogo, picha yangu jicho moja nusu limefumba.
Daftari la mishahara bado linasema Msaidizi;
wataliandika upya Juni, wakikumbuka.

Jumatatu niliwaambia watoto:
kuanzia Jumamosi, mimi ni mwalimu.
Jomari aliitoa penseli mdomoni,
ile ile, imeshatafunwa hadi kwenye risasi.
"Kwani juzi ulikuwa nani?"

Sikumjibu. Bomba lilikuwa limeanza kutoa maji,
nalo siku hizi hutoa dakika kumi tu,
na mikono ya kunawisha ilikuwa sitini na miwili.