Wa Huko

Kazi yangu ni gundi na karatasi.
Majani yanaletwa yamebanwa kwenye magazeti ya mwezi uliopita,
nayalaza, nayabandika, naandika chini kulia:
jina, mwaka, mahali, mkusanyaji.
Kilatini nimekizoea
kama mtu anavyomzoea jirani asiyeitikia salamu.
Usambarensis. Meruensis.
Ule mkia, nilifundishwa, maana yake ni *wa* tu,
kama tusemavyo mchele wa Kahe,
mbege ya Uru.

Mama yangu anaitwa Nakundwa,
ila soko zima la Kiborloni halilijui jina hilo.
Mama Ugweno, nipunguzie hii suruali.
Mama Ugweno, chenji.
Miaka thelathini na moja, charahani ileile.
Alipokwenda kumzika kaka yake, mwezi wa nne,
watoto wa kule mlimani walitangulia mbio wakitangaza:
yule wa Moshi amefika!
Alinisimulia akicheka, akakata uzi kwa meno.
"Kwetu hakuna anayeitwa wa kwetu.
Jina la mahali unapewa ukishaondoka."

Nikalikumbuka ua la msituni, juu ya Mweka,
Impatiens kilimanjari,
kishikio chake kimejikunja kama ndoano.
Halijui kuwa ni la Kilimanjaro.
Litajuaje? Halijawahi kushuka hata Majengo.

Sasa kuna jambo.
Kwenye pindo la kanga ya msibani zilinasa mbegu,
zile zenye kung'ang'ania.
Mama alizikung'uta nyuma ya kibanda, penye maji ya sabuni,
na mvua za Mei zikazilea.
Mmea umefika magotini.
Siujui. Nimefungua kabati zote, siuoni.
Nikachuma tawi, nikalikausha,
leo nimekuja nalo kibandani, na kibandiko chake,
na neno lile moja linanisubiri:
mahali.

Nikiandika Kiborloni, siku moja msomi wa mbali
ataupachika mkia wa Moshi
mmea uliopanda gari na matanga.
Nikiandika Ugweno nitakuwa nimedanganya,
mkono wangu haukuchuma kule.

Mama ananitazama juu ya miwani,
mguu haujaacha kukanyaga.
"Na mimi, mkinikausha,
mtaandika wapi?"

Nimeirudisha kalamu mfukoni.
Nimemwomba chaki yake ya kupimia nguo.